Mwili Wangu Si Risiti ya Mgao

"Mtu wa kambini ananenepa kwa kula nini?"

Swali hili nimeulizwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni jirani yangu kwenye foleni ya mgao, mwaka 2022. Hakuniuliza mimi, alimwuliza aliyesimama nyuma yake, kwa sauti ya kutosha mimi nisikie. Wa pili ni kijana wa shirika moja, mwenye kizibao cha mifuko mingi, aliyekuwa anahakiki majina. Huyo hakusema neno. Aliangalia kadi, akaniangalia mimi kuanzia kilemba mpaka kandambili, akaangalia kadi tena, halafu akamwita mwenzake. Kadi inasema kaya ya watu wanne. Wakataka waletewe hao watatu wengine wawaone kwa macho.

Nilikuwa na kilo 104. Nataja namba ili tusizungushane. Kimo changu hakifiki hata mita 1 na sentimita 60. Wataalamu wana hesabu yao, unachukua kilo unazigawa kwa kimo kilichozidishwa kwa kimo chenyewe, na wanasema ukifika 25 umezidi uzito, ukifika 30 wewe ni mnene kabisa. Mimi nimepita 40. Sasa nina miaka 52, nimerudi Namoto, na nafanya yoga mara tatu kwa wiki chini ya mkorosho nyuma ya nyumba ya dada yangu.

Ndiyo, cheka. Nitasubiri.

Jarida hili nimeanza kulisoma nikiwa kambini, na mpaka leo nikipata nakala nasoma. Limeandika njaa, limeandika mvua iliyopasua mahema, limeandika watoto waliopotezana na mama zao njiani. Yote kweli, nayajua. Lakini sisi wanene sijatuona humu hata siku moja. Nadhani tunaonekana tunaharibu hoja. Mkimbizi mwembamba anaaminika kabla hajafungua mdomo, mkimbizi mnene anatakiwa ajieleze. Ukitaka kujua hilo linavyouma, jaribu kulia mbele ya mtu anayekagua mashavu yako.

Basi najieleza, mara moja tu, halafu tuendelee na mambo mengine.

Namoto nilikuwa napika. Wanaopajua pale mpakani kabla mambo hayajaharibika watakumbuka jinsi magari yalivyokuwa yanasubiri maji yajae, kwa sababu maji yakikupwa kivuko cha kwenda Kilambo hakiendi, mchanga unakikatalia. Dereva anayesubiri maji anakula. Mimi niliishi kwa njaa ya watu hao: wali wa nazi, samaki, mihogo, chapati za asubuhi. Naonja, naonja, naonja. Nilikuwa mnene tangu zamani, lakini nilikuwa mnene anayetembea. Alfajiri kisimani, asubuhi mtoni, jioni shambani kwenye mihogo na mikorosho. Presha nilikuwa naisikia kwa watu.

Kambini nilipewa turubai, nikapewa unga, maharage na mafuta, na nikapewa mahali pa kukaa. Nasema kukaa maana ndiyo kazi tuliyokuwa nayo. Shamba hakuna. Kwenda mbali kutafuta kuni unaogopa. Unakaa nje ya hema kutwa, usiku unakaa ndani umekodoa macho, maana usingizi haupo. Mgao ukichelewa unakunywa chai ya sukari nyingi kudanganya tumbo, ukifika unapika ugali mkubwa usiku mmoja kwa sababu ya siku nne zilizopita. Mwili unaotendewa hivyo si lazima ukonde. Wengine wanakonda, wengine tunavimba, na wote ni wagonjwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano anapimwa mkono kwa ule utepe wa rangi, chini ya milimita 115 ni nyekundu, 125 na kuendelea ni kijani, na mama anajua leo amesimama wapi. Ni kitu kizuri, kimeokoa watoto wengi. Ila kwa mtu wa makamo mwenye magoti yanayolia hakuna utepe. Nilipopimwa presha kwa mara ya kwanza ilikuwa 160 kwa 100. Mpaka wao ni 140 kwa 90. Nikaambiwa mama punguza chumvi, fanya mazoezi. Mazoezi gani? Muuguzi akatazama mlango, watu walikuwa wengi.

Sasa niseme kwa nini nilikwenda kwenye yoga, maana watu wanafikiri nilitaka kiuno cha wasichana.

Machi 2021 nilikuwa Palma kwa dada yangu. Mji uliposhambuliwa tarehe 24 tulikimbilia porini, tukalala huko, baadaye tukafika pwani tukapata jahazi la kwenda Pemba. Nahodha aliniangalia akasema huyu ni watu wawili, alipe wa wawili. Dada akalipa. Hilo sina kinyongo nalo, jahazi ni hesabu. Linaloniuma ni kupanda. Maji yalikuwa yamefika kifuani, mkono nimeshika ukingo, na mguu haunyanyuki. Nauamuru, haunyanyuki. Vijana watatu walinisukuma kwa chini kama gunia la chumvi, na watu ndani ya jahazi wakawa wanapiga kelele za kunong'ona, kama unajua kelele za namna hiyo. Watu zaidi ya arobaini, wenye watoto wachanga, walikuwa wanasubiri mguu wa mwanamke mmoja.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilichokosa siku ile ni wembamba. Sivyo. Nilichokosa ni goti linalofika kiunoni. Wapo wanene wanaonyanyua goti mpaka kiunoni, nimewaona kwa macho yangu, na wapo wembamba ambao hawawezi. Haya ni mambo mawili, na kila mtu anayatia kwenye sufuria moja.

Mwaka 2022 alikuja kambini binti mmoja wa kujitolea, aliyekuwa amejifunza yoga Maputo. Alipewa kibanda kile wanachochezea watoto, na ratiba ikapangwa na watu wa juu yake: Jumanne na Ijumaa, saa tatu asubuhi, "vijana na wanawake". Enyi wa mashirika, naomba mnisikilize kwenye hili la saa tatu. Saa tatu asubuhi ndiyo foleni ya maji. Mwanamke mwenye kaya hawezi kuacha ndoo yake akaenda kuvuta pumzi. Kwa hiyo wakaja wasichana wa miaka kumi na sita, wasio na ndoo, wenye miili ya mpira, na ripoti ikaandikwa kwamba wanawake wa makamo hawana mwamko. Mwamko tulikuwa nao. Tulichokuwa hatuna ni mtu wa kushika foleni.

Mimi nilimlipa mtoto wa jirani vipande viwili vya sabuni anishikie foleni, nikaenda. Tulikuwa wanne wenye miili. Wasichana walicheka mpaka wakakaa chini. Tuliambiwa tuiname tuguse vidole vya miguu, mimi nikagusa magoti, na hayo magoti nayo nilipapasa kwa sababu kitambi kilikuwa kimeyaficha. Binti mwalimu alikuja karibu akaniambia, mama, panua miguu, tumbo lipate pa kupita. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniambia tumbo langu lipewe njia. Wote wanasema liondoke.

Wiki ya sita wakaja wageni wenye kamera. Msimamizi mmoja, mwanamke kama mimi, mkubwa kama mimi, akasema kwa upole, kina mama, sogeeni nyuma kidogo picha itoke vizuri. Tukasogea. Kinachonikera mpaka leo ni hicho, kwamba tulisogea. Picha hiyo ipo mahali fulani, imejaa wasichana wamenyoosha mikono juu, na nyuma yao ukikaza macho utaona kapulana zetu nne, vichwa vimekatwa.

Nitasema na jingine ambalo halikuwa kosa la mtu, lakini wote wanaopeleka mambo haya kwa watu waliokimbia vita walijue. Mwisho wa somo watu hulala chali, wametulia, na mkao huo huko ulikotoka unaitwa mkao wa maiti. Binti alitafsiri kama alivyofundishwa. Akasema laleni kama maiti, fumbeni macho. Mwanamke mmoja aliinuka akatoka nje bila kuchukua kandambili zake. Wa pili akamfuata. Ndani ya dakika moja kibanda kikawa kitupu, wamebaki wasichana wawili wanatazamana. Kwani pale kulikuwa na nani ambaye hakuwa ameona maiti? Nani alikuwa tayari kufumba macho mchana kweupe, mgongo uko chini, mlango uko nyuma ya kichwa?

Yule binti alilia. Siku iliyofuata alirudi akatuuliza tunataka tuiteje. Tukasema iitwe usingizi wa saa saba, ule wa baada ya chakula, juani pamekali, hakuna anayekwenda popote. Tukasema macho yawe wazi kwa anayetaka, na miguu ielekee ukutani ili kila mtu auone mlango. Akakubali yote. Ndiyo maana namheshimu. Alijua kunyumbuka kichwani, si kiunoni tu. Wapo wengi wenye viuno laini na vichwa vikavu.

Tuje kwa masheikh, maana najua wanasubiri zamu yao, na jirani yangu wa foleni aliwahi kwenda kuwaambia kwamba naabudu miungu ya Kibaniani.

Yoga imetoka India na kule imechanganyika na dini, hilo halifichwi. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliikataza kwa Waislamu. Mwaka uliofuata baraza la maulamaa la Indonesia nalo likatoa neno, ila wao walitenganisha: yenye maombi na nyimbo za Kihindu haifai, ya kunyoosha viungo tu haina neno. Halafu Novemba 2017 Saudi Arabia yenyewe, nchi ya Makka na Madina, ikaitambua yoga kama mchezo wa mazoezi kama michezo mingine. Kwa hiyo anayeniambia Uislamu una neno moja tu juu ya jambo hili hajasoma, au amesoma akaacha yasiyomfaa. Sisi hatuimbi kitu. Hatuweki sanamu, hatuchomi udi ila wa mbu. Tunahesabu pumzi, moja mpaka tano, kwa Kiswahili.

Na niwaulize, waheshimiwa. Tangu tulipofika kambini mpaka katikati ya 2023 nilikuwa naswali juu ya kiti. Kiti cha plastiki, chenye ufa, kila nikiinama kinalia. Dini inaruhusu, alhamdulillahi, asiyeweza ana udhuru. Lakini je, mnajua mwanamke mzito anavyoiona sakafu? Anaiona kama kisima. Kushuka utashuka, nani atakutoa? Nilianguka mara moja chooni nikakaa pale mpaka mwanangu akarudi kutoka bombani. Baada ya miezi saba ya hiyo mnayoiita ibada ya Wahindi, niliweka paji la uso chini, adhuhuri, kwenye mkeka wangu, nikainuka mwenyewe kwa mkono mmoja na goti moja. Mwenye hukumu yake na ailete, nitaisikiliza nikiwa nimesujudu.

Halafu kuna hoja ya "haya ni mambo ya Wazungu". Hii inanichekesha zaidi. Wazungu wamejifunza kwa Wahindi, na Wahindi wamekaa pwani hii kabla ya bibi wa bibi yangu. Na sisi wenyewe je? Tufo ilikuwa inachezwa watu wamepiga magoti safu kwa safu, mwili wa juu unazunguka, mikono inaongea, na bibi yangu, ambaye mlangoni alikuwa akipita upande upande, alikuwa anakaa kwenye magoti mpaka ngoma iishe. Hakuna aliyemwambia asogee nyuma picha itoke vizuri. Wanawake waliotoka unyagoni mnataka kuniambia hawajui kiuno ni nini? Tulijua. Tumesahau kwa sababu tumekaa miaka mitano juu ya ndoo zilizopinduliwa tukisubiri majina yetu yaitwe.

Wanaosema ukishapita arobaini mwili ukikauka umekauka, hao nawapa habari za mtu mmoja. Bwana B.K.S. Iyengar, ambaye jina lake limeenea dunia nzima kwa yoga, alizaliwa mwaka 1918 dhaifu, akakua na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, na alipoanza kufundishwa na shemeji yake Krishnamacharya, alikuwa kijana mkavu asiyetarajiwa kufika popote. Labda kwa sababu hiyo ndiye aliyeingiza vifaa darasani: mikanda, kamba, blanketi zilizokunjwa, viti, matofali ya mbao. Mkono usipofika kwenye mguu, mkanda unafika kwa niaba yake. Mwaka 1958 alimfundisha Malkia Elisabeth wa Ubelgiji kusimama kwa kichwa, na mama huyo alikuwa ameshapita miaka 80. Mimi kichwa changu kibaki juu, presha hainiruhusu, lakini mtaelewa ninachosema. Na huko Marekani yupo mwalimu mweusi anaitwa Jessamyn Stanley, mnene, hajifichi, mwaka 2017 alitoa kitabu kizima kinachosema kila mwili una nafasi kwenye mkeka. Nairobi kuna Africa Yoga Project, imeanza 2007, imewafundisha vijana wa mitaa ya mabanda mpaka wakawa walimu wanaokula kwa kazi hiyo. Kwa hiyo msiniambie tena "watu kama sisi".

Vifaa vya Iyengar sisi tunavyo vyote, havijaletwa na ndege. Mkanda ni kapulana iliyosokotwa, unaizungusha unyayoni ukiwa umelala chali, unavuta mguu taratibu, na goti likipinda liache lipinde. Tofali la mbao ni tofali la udongo lililofungwa kitambaa, au kigoda. Ukikaa chini na mgongo unapinda kama jongoo, usilazimishe, kalia gunia lililokunjwa mara nne mpaka nyonga ziwe juu kuliko magoti. Utashangaa mgongo unavyosimama wenyewe. Ule mkao wa paka, wa mikono na magoti, weka kapulana nene chini ya magoti. Mkao wa mtoto, matako hayafiki kwenye visigino, weka mto katikati na tumbo ulipe njia kama nilivyoambiwa mimi. Kusimama kwa mguu mmoja, shika mkorosho. Kiti cha plastiki usikiamini, kinateleza, kiegemeze ukutani kwanza. Mwenye presha asibane pumzi hata kidogo na asikae kichwa chini, na dawa zake asiache eti kwa sababu anafanya yoga. Kuinuka kutoka chini ndiyo somo kubwa kuliko yote na ndilo lisilofundishwa: geuka ubavu, sukuma kwa mikono, piga goti, mkono mmoja kwenye kigoda, simama. Sisi tunafanya hilo mara kumi kila siku ya mazoezi. Vijana wanaliona si kitu. Mwanamke aliyekaa chooni saa mbili analiona ni kitu.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za kujishughulisha kwa wiki, na tangu 2020 limesema wazi kwamba hata mwenye presha au sukari yumo kwenye hesabu hiyo. Sisi tunafanya saa moja mara tatu. Nyingine zote ni mwendo wa kisimani, ambao wataalamu wakiuona Ulaya wanauita mazoezi, wakiuona kwetu wanauita umaskini. Vyote viwili ni kweli.

Sasa kilo. Kabla sijaondoka kambini alikuja dada mmoja mwenye daftari, anataka hadithi ya mafanikio. Tulikaa vizuri, akaninunulia soda. Akaniuliza mama, ulianza na kilo ngapi? Nikamwambia 104. Sasa je? Nikamwambia 101. Kalamu ikasimama. Akauliza kwa upole kama mizani ilikuwa nzima. Nikamweleza habari za goti, za kiti, za kulala usiku saa tano nzima bila kushtuka, za presha kushuka kidogo (na dawa nazo nilikuwa nanywa, sitaki kudanganya). Aliandika mistari miwili. Hadithi yangu haikutoka. Ilitoka ya msichana wa miaka kumi na tisa.

Dada, kama unasoma hapa, sikukasirikii, ile soda ilikuwa baridi. Ila nataka ujue ulichokuja kutafuta. Ulikuja kutafuta mwanamke mnene aliyetoweka, na mimi bado nipo.

Na nyie wenzangu wa foleni, msifikiri mmepona. Nyie ndio mliofundisha watoto kuniita "Tani". Nyie ndio mliosema anayeinua matako juu mbele za watu hana adabu, huku mumewe mtu akichungulia kibandani kwa wasichana na hamkusema neno. Ukimwona mwenzako ana mwili unadhani amekula cha kwako, wakati unajua kabisa nani amekula cha kwako, unajua jina lake na nyumba yake, na ukipita mbele yake unampa shikamoo. Mnene ni rahisi kumlaumu kwa sababu anaonekana kutoka mbali.

Kuna jambo nimelikalia tangu mwanzo, nalisema sasa kwa sababu naogopa makala hii isije ikatumiwa vibaya. Yoga haijazi sufuria. Hesabu ya misaada inajulikana, kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na mgao ukikatwa nusu hakuna pumzi ya kuhesabu inayorudisha nusu ile. Niliwahi kukaa kwenye kikao ambapo tuliambiwa mgao umepungua, na ajenda iliyofuata ikawa "mbinu za kutuliza msongo wa mawazo". Tukaambiwa tuvute pumzi. Mimi, ninayeipenda yoga kuliko wote mle ndani, nilikuwa wa kwanza kutoka. Mtu akikunyima chakula halafu akakufundisha kupumua, huyo amekunyima chakula. Leteni unga kwanza. Mkeka tunao, tunausuka wenyewe kwa ukili, hata ule wa mpira wa rangi ya zambarau hatuuhitaji, unanuka na joto la huku unaushikisha mwilini.

Ninachodai ni kidogo, na kinanipa hasira kwamba ni kidogo hivi na bado nadai. Ratiba ya wanawake ipangwe na wanawake, baada ya maji. Wanene na wazee wasimame mbele, maana ndio wanaohitaji kumwona mwalimu. Usimwambie mtu aliyekimbia afumbe macho. Usimpime kwa kilo. Na yule kijana wa kizibao, popote alipo, ajue kwamba wale watatu wengine kwenye kadi yangu walikuwepo: wawili walikuwa bombani, na mmoja alikuwa mama yangu, hawezi kusimama, yuko ndani ya hema. Aliwaona akaondoka. Hakusema samahani.

Huku Namoto tumekuwa saba. Wawili wametoka Kionga, wanatembea. Mmoja ni mwanaume, mvuvi, mgongo umemkwama kwa miaka ya kuvuta nyavu, anakaa mbali kidogo anajifanya anatengeneza kamba, lakini mikono akiinyanyua tunamwona. Tulipata habari kwamba Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 21 Juni iwe siku ya yoga duniani, uamuzi wa Desemba 2014, ikaanza kusherehekewa 2015. Mwaka jana siku hiyo ilitukuta tunavuna mihogo, tukafanya kesho yake.

Ni Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa kumi na nusu jioni, jua likishapita mkorosho. Njoo na kapulana mbili na kigoda kama unacho. Kama huwezi kushuka chini, tutaanza umesimama.